Kifupa cha Nyuma ya Kwato

Kijitabu cha makaribisho kilichogawiwa siku ya kwanza kilikuwa na picha ya msichana aliyevaa koti jeupe, amemkumbatia ndama. Koti lilikuwa jeupe kwelikweli, na ndama alikuwa msafi kuliko watoto wengi. Chini ya picha yaliorodheshwa mambo ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari wa mifugo anapaswa kuyatarajia: wito, huruma, nidhamu, na furaha ya kuwahudumia viumbe wasioweza kujisemea. Aliyeyaandika hayo bila shaka alikuwa ameketi mezani, dirisha wazi, na upepo haukuwa ukivuma kutoka upande wa maabara.

Msichana wa kisa hiki alikisoma kijitabu mara mbili akakitia mkobani. Alikuwa amefika chuoni kwa njia ya kuzunguka. Aliomba kusomea udaktari wa watu, alama mbili zikapungua, akapangiwa mifugo. Na kwa kuwa alikuwa na kasoro ya kusema ukweli mbele ya watu asiowajua, aliyaeleza yote hayo darasa zima likisikia, wakati wa kujitambulisha. Ilipofika saa sita mchana hakuwa tena na jina jingine ila Daktari wa Watu.

Nyumbani kwao suala lake lilikuwa limejadiliwa na kufungwa. Baba yake, karani mstaafu aliyeamini mihuri kuliko binadamu, alitamka mbele ya ukoo kwamba binti anayetoa matumbo ya samaki kwa kijiti, uso kageuzia ukutani, hawezi kumaliza mwaka mmoja katikati ya mizoga. Mjomba alikuwa na nafasi ofisini kwake ya mtu wa kupokea barua na kuzigonga mhuri, naye alikubali kuishikilia nafasi hiyo kwa mwaka mmoja, basi. Shangazi peke yake, fundi cherehani aliyeishi karibu na chuo, ndiye aliyesema mtoto aachwe ajaribu, akajitolea kumpa chumba. Wakaelewana hivyo: mwaka mmoja, bila kurudia. Siku atakayorudishwa darasa, anakwenda kugonga mihuri hadi uzeeni.

Kazi ya kwanza ya mwaka ilikuwa ya mifupa. Wanafunzi waligawanywa wawili wawili, kila jozi ikapewa mbuzi mmoja aliyekufa kifo ambacho hakuna aliyejisumbua kukieleza, na baada ya wiki sita walitakiwa kuleta mifupa yake yote, safi na mikavu, ndani ya boksi. Mhadhiri wa anatomia alieleza kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya mirathi kwamba mifupa ya kujifunzia haichemshwi, kwa sababu ikichemshwa hupasuka. Huozeshwa. Nyama ikishachunwa, kinachobaki kinatumbukizwa katika pipa la maji, na wadudu wasioonekana kwa macho wanaimaliza kazi ambayo kisu kimeshindwa. Mhadhiri huyo alikuwa mrefu, mwembamba, na mkavu kama alivyowataka mbuzi wawe. Wanafunzi walimwita Profesa Pungufu, kwa kuwa hilo ndilo neno aliloliandika juu ya boksi lililokosa hata mfupa mmoja. Jozi yenye boksi pungufu hurudia mwaka, wote wawili, wala hakuna rufani.

Mapipa yalikuwa nyuma ya maabara, ishirini na mawili, yamepangwa kando ya ukuta. Msimamizi wake alikuwa fundi wa maabara, mwanamke mnene wa makamo aliyevaa buti za mpira kila siku ya Mungu, na ambaye watu walimwita Mama Mapipa hata alipokuwa akisikia. Yeye ndiye aliyewaeleza namna ya kufanya. Ili waelewe wanakokwenda, alifunua pipa moja lililowekwa mbuzi mwezi uliopita.

Harufu iliyotoka humo haikuwa harufu kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Harufu mtu huisikia puani. Hii ilitua juu ya ulimi na kukaa, nzito, yenye utamu fulani wa aibu, mithili ya tunda lililosahauliwa ndani ya kiatu chenye jasho. Juu ya maji palikuwa na utando wa rangi ya kijivu, nao utando huo ulikuwa ukipumua: kila baada ya muda ulivimba mahali, ukapasuka taratibu, ukajifunga tena. Daktari wa Watu aliutazama ukivimba mara mbili. Mara ya tatu aliondoka kwa adabu, kama mtu aliyekumbuka kuna simu hajaipiga, akazunguka kona ya jengo, na huko akairudisha chai yote ya asubuhi pamoja na kilichokuja nayo.

Aliporejea, midomo imefutwa na uso umetulia, Mama Mapipa alikuwa anamalizia kusema kwamba atakayetumia kitu kingine asije kumlilia yeye. Msichana alitikisa kichwa pamoja na wenzake. Hakuuliza ni kitu gani. Kuuliza kungekuwa kukiri kwamba hakuwepo, na kukiri hakuwepo kungekuwa kukiri alikuwa wapi. Naye alikwisha kuitwa Daktari wa Watu, hakuwa tayari kuongezewa cheo.

Mwenzake katika jozi alikuwa kijana mpana wa kifua aliyejulikana kama Mchungaji, si kwa sababu ya dini bali kwa sababu alimwambia kila aliyekutana naye kuwa amekulia kati ya mbuzi elfu moja. Mikono yake ilikuwa laini kama ya mtunza maktaba. Ndiye aliyegawa kazi.

“Wewe lete soksi nne ndefu, Dokta,” alisema. “Mimi nitaleta kisu.”

Sababu ya soksi ilikuwa hii. Mifupa mikubwa ya mbuzi haipotei; fuvu ni fuvu na paja ni paja. Balaa liko miguuni, mahali ambapo kuna vifupa vidogo visivyohesabika kwa mtu mwenye haraka: sita vya kifundo cha mbele, vitano vya nyuma, vingine vinne kwenye kiungo cha juu ya vidole, na nyuma ya kila kwato kimoja cha mwisho, chenye ukubwa wa punje ya kunde, ambacho mbuzi mwenyewe hajui kama anacho. Kwa hiyo kila mguu huvishwa soksi yake, ikafungwa kwa uzi wa rangi yake, ili nyama inapooza vifupa vibaki ndani, wa kulia kulia na wa kushoto kushoto.

Shangazi alipoombwa soksi alifungua sanduku la chini ya kitanda, akatoa jozi mbili za soksi za kuchezea mpira za marehemu mume wake, nene, ndefu hadi gotini.

“Hizi si za siku hizi, mwanangu,” alisema akizivuta ili zionekane zilivyo imara. “Pamba tupu. Mwenyewe kazikwa mwaka wa tisa huu, zenyewe hizi hapa.”

Uchunaji uliwachukua Jumamosi nzima, au ulimchukua msichana, kwa kuwa Mchungaji alifungua ngozi ya tumbo kwa ustadi wa kutosha kupigwa picha, kisha akaitwa kwenye mazoezi ya mpira. Msichana aliendelea. Alijifunza kwamba mafuta ya mnyama aliyepoa hayatoki kwa sabuni, bali huhama kutoka mkononi kwenda kwenye sabuni, na kutoka kwenye sabuni kwenda kwa mtu mwingine. Alijifunza kwamba jicho likitobolewa kwa bahati mbaya hutoa maji mengi kuliko inavyostahili, na kwamba maji hayo hupenda kuruka. Jioni aliivisha miguu minne soksi za marehemu, akafunga nyuzi nne, nyekundu, bluu, kijani na nyeusi, akatumbukiza kila kitu ndani ya pipa namba kumi na saba.

Kila Ijumaa nusu ya maji ilitakiwa kutolewa na mengine safi kuongezwa. Maji machafu yalichotwa kwa ndoo na kumiminwa katika shimo lililochimbwa mwisho wa uwanja, yakipitishwa kwanza juu ya chekeche ili kama kuna kifupa kimeponyoka kinaswe. Kazi hiyo ilihitaji mikono miwili ya mtu mmoja, au mmoja mmoja ya watu wawili. Mchungaji hakuonekana. Katika wiki sita alizika jamaa watatu, akang'oa jino moja, na akasimamia mbio za kuchangia damu.

Wiki ya pili maji yalikuwa ya rangi ya chai. Wiki ya tatu yalikuwa ya rangi isiyo na jina, na yalimwagika polepole kuliko yanavyopaswa kumwagika maji, yakikokota vinyuzi vyeupe ambavyo mwanzoni alidhani ni funza na baadaye akatamani vingekuwa funza, maana funza angalau ana mwanzo na mwisho. Wiki ya nne tone moja lilimrukia mdomoni. Wiki ya tano aliweka chekeche chini, akaibana pua yake kwa mkono wa kushoto, akamimina ndoo zote tisa shimoni kwa mkono wa kulia, bila kutazama. Alijiambia kwamba mara moja si neno.

Nyumbani kwa shangazi zilitungwa sheria. Nguo za maabara zilivuliwa nje, nyuma ya banda la kuku la jirani, zikaanikwa kwenye kamba yake pekee. Msichana alioga mara mbili kabla ya kuruhusiwa kugusa kitasa cha mlango. Hata hivyo uvundo uliingia naye. Ulikuwa umekaa katika nywele na chini ya kucha, na kwa ushahidi wa shangazi hata katika sauti. Siku moja mteja aliyekuja kupimwa gauni alinusa huku na huku, akauliza kwa upole kama kuna panya amefia darini.

“Hapana, dada yangu,” shangazi alimjibu, pini zikiwa katikati ya midomo. “Ni mtoto wa kaka yangu. Anasoma.”

Wiki ya sita ilianza kwa kufungua mapipa. Mtihani ulikuwa Alhamisi saa tatu asubuhi. Jumatatu jozi zote zilisimama kando ya ukuta zikitoa soksi zao, na soksi zikatoka moja baada ya nyingine, nyembamba, za kung'aa, zimetuna vifupa vinavyogongana kama kete ndani ya mfuko. Mchungaji alikuwepo siku hiyo. Alisimama hatua tatu nyuma ya pipa, mikono mifukoni. Daktari wa Watu alivaa glavu, akageuza uso, akaingiza mkono hadi kwenye bega na kupapasa.

Alishika uzi mwekundu. Alipouvuta, ulikuja uzi mwekundu. Ulikuwa bado umefungwa vizuri, fundo lake zuri, umezunguka kitu kilichokuwa soksi na sasa kikawa uji mweusi uliochuruzika kati ya vidole vyake.

Mama Mapipa alikuja, akaupokea uji ule, akausugua kwa kidole gumba pasipo glavu, kama mtu anayekagua kitambaa dukani.

“Pamba,” alisema. “Nilisema nailoni. Soksi za kike, za nailoni. Pamba ni majani tu, na majani yakilowekwa yanaoza. Nilisema hapahapa, nimesimama palepale.”

Mchungaji aligeuka. “Ulikuwa wapi wakati anasema, Dokta?”

“Nilikuwa natapika,” alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jambo hilo, na Mchungaji alimtazama kama mume aliyeambiwa kwamba mke wake ana mume mwingine, naye ni wa siku nyingi.

Hapakuwa na njia ila moja. Vifupa vyote vya miguu minne vilikuwa chini ya pipa, vimechanganyika ndani ya tope lenye kina cha kiganja, na tope lile lilipaswa kupapaswa lote. Siku ya kwanza msichana alijaribu na glavu, akagundua kwamba ndani ya mpira kifupa, gegedu na kipande cha mafuta yaliyoganda vyote ni kitu kimoja. Akazivua. Afadhali niliseme mara moja ili tulipite: tope lilikuwa vuguvugu. Jua lilikuwa limelipasha moto tangu asubuhi na wadudu wamelipasha moto kwa wiki sita, likawa na joto lilelile la kitu kilicho hai, na lilipofungwa mkononi lilitoka kati ya vidole kwa namna ya kujipendekeza. Alilipapasa Jumatatu, Jumanne na Jumatano mpaka saa tisa. Alitapika mara nne siku ya kwanza, mara mbili ya pili, na ya tatu hakutapika, jambo lililomchukiza kuliko yote yaliyotangulia.

Mchungaji alisaidia kwa kupanga vifupa vilivyooshwa juu ya gazeti na kusoma majina yake kitabuni. Walitenga wa kulia na wa kushoto kwa miinamo na mashimo, wakabishana, wakarudia. Jumatano saa kumi kila kifupa kilikuwa na mahali pake isipokuwa kimoja. Vya nyuma ya kwato vilitakiwa kuwa vinane. Vilikuwa saba.

Msichana hakuhitaji kulipapasa tope tena. Alijua kilikopitia: Ijumaa ya wiki ya tano, chekeche likiwa chini na mkono wa kushoto ukiwa puani. Alimweleza mwenzake hivyo, na akasema kwamba kesho watamwambia mhadhiri kimepotea.

“Yaani mimi nirudie mwaka kwa sababu ya pua yako?” Mchungaji alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesahihisha tarehe. “Kaka yangu alisoma hapahapa. Boksi lake lipo nyumbani, juu ya kabati. Wewe nenda kapumzike, Dokta.”

Alikwenda kupumzika. Asubuhi ya mtihani alilifunua boksi lao, akahesabu vifupa vya nyuma ya kwato, vikawa vinane. Hakuuliza. Alifunika boksi akafuta kifuniko kwa kiwiko cha koti, na katika kifua chake kikapita kichefuchefu kidogo, kikavu, ambacho hakikuwa na uhusiano wowote na harufu.

Profesa Pungufu alipita meza kwa meza akiwa na kalamu na kitambaa cheupe. Hakuuliza majina ya mifupa. Alisema majina yamo vitabuni na hayajawahi kumponya mnyama. Alihesabu. Kisha, palipokuwa na vifupa vidogo, alichagua vichache, akavipangusa kwa kitambaa, akatoa ulimi wake mrefu wa rangi ya zambarau iliyopauka na kukigusisha kila kimoja kwenye ncha yake. Msichana mmoja wa meza ya mbele alikaa chini pasipo kiti. Mhadhiri hakugeuka. Alikuwa na utulivu wa mtu anayebandika stempu.

Kwenye meza ya kumi na saba alihesabu hadi mwisho, akarudi miguuni, akaonja kifupa kimoja cha nyuma ya kwato, akaonja cha pili. Cha tatu kilibaki kimening'inia ulimini mwake bila kushikwa na mkono. Alikaa nacho hivyo, ulimi nje, muda wa kutosha kila mtu aone, kisha akakibandua kwa kucha.

“Mfupa mkavu wa siku nyingi una kiu,” alisema. “Unanyonya mate, unaganda. Uliotoka majini wiki hii bado una mafuta, haugandi. Huu umekaa juu ya kabati miaka mitano au zaidi. Ni wa nani, sina haja ya kujua. Boksi ni pungufu.”

Mchungaji alianza kueleza habari ya msiba. Msichana alisema, kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe kwa udogo wake, kwamba kifupa chao alikimwaga yeye shimoni kwa kutotumia chekeche, kwamba aliliona boksi limekamilika asubuhi akanyamaza, na kwamba anaomba akakitafute. Mhadhiri alitazama saa. Alisema anafunga daftari saa kumi alasiri. Alisema pia kwamba shimo lile lina umri mkubwa kuliko yeye msichana, na kwamba hatamzuia mtu kuingia mahali anapotaka.

Mama Mapipa alimpa buti, kamba ya kufunga kiunoni, ndoo na chekeche. Mchungaji alisema mtu lazima abaki kulilinda boksi, isitoshe viatu vyake vilikuwa vya ngozi.

Shimo lilikuwa na kina cha kupita kimo cha mtu. Ngazi ilikuwa ya chuma na ilifika nusu tu. Nusu nyingine mtu alijiachia. Alijiachia akatua, na tope likampokea hadi juu ya magoti, likaingia ndani ya buti zote mbili kwa pamoja na kujaza nafasi kati ya vidole vya miguu. Juu yake mainzi yalifunga kama kifuniko. Kuta zilikuwa zinatoa jasho jeusi lenye mafuta, na mahali aliposhika ili asianguke palibaki alama ya mkono wake, ikijaa taratibu kutoka chini. Mapipa ishirini na mawili yalimwagwa humu kila Ijumaa, na kabla ya hayo mapipa mengine, na kabla ya hayo mengine. Alifunga mdomo akainama, akaanza kujaza ndoo.

Chekeche la kwanza lilipooshwa hapo juu, Mama Mapipa aliita. Palikuwa na vifupa kumi na tisa ndani yake. La pili lilikuwa na thelathini. Sakafu ya shimo, msichana alipoifikia kwa vidole, haikuwa udongo. Ilikuwa changarawe ya vifupa vidogo, vya kifundo, vya vidole, vya nyuma ya kwato, miaka juu ya miaka.

“Ni vya nani vyote hivi, mama?” aliuliza kutoka chini.

“Vya madaktari,” Mama Mapipa alisema akisuuza. “Wote unaowajua wewe. Yule anayetibu ng'ombe wa wakubwa, mkuu wa kitivo, wote. Kila mmoja ameacha kimoja humo, na kila mmoja alikuwa na kaka mwenye boksi.”

“Na Profesa?”

“Unadhani ya kulamba alijifunzia wapi?”

Ndoo zilipanda hadi saa nane. Alipotoka, Mama Mapipa alikuwa amechambua vifupa vya nyuma ya kwato peke yake na kuvianika juu ya bati lililochomwa na jua, safu kwa safu. Vilikuwa themanini na vitatu. Kwa macho vilikuwa sawa, vya kijivu, vya ukubwa mmoja. Msichana alipiga hesabu yake. Jozi nyingine zote zilitumia nailoni na miguu yao ilitimia; kwa hiyo ikiwa humo mlikuwa na kifupa kibichi cha mwaka huu, hakikuweza kuwa cha mtu mwingine. Vilivyobaki vilikuwa vimelala na kuoshwa na mvua hadi vikaisha mafuta. Jua likishavikausha, vingekuwa na kiu.

Alisubiri vikauke. Saa tisa kasorobo alipiga magoti mbele ya bati, akaokota cha kwanza, akakifuta kwa upande wa ndani wa kola ambao haukuwa umeguswa, akatoa ulimi.

Kiliganda. Alikibandua, akaokota cha pili. Kikaganda. Vilikuwa na ladha ya chaki na ya chumba kilichofungwa, na baada ya cha kumi ulimi wake ulikuwa mkavu kiasi kwamba ilibidi Mama Mapipa amletee maji ya kusukutua ili jaribio liwe halali. Wanafunzi waliotoka mtihanini walisimama mbali. Mmoja alisema, “Jamani, Daktari wa Watu huyo,” na wengine hawakucheka. Alipofika cha hamsini aliacha kuhesabu wanaomtazama. Cha sitini na moja alikiweka ulimini, akaondoa mkono, nacho kikateleza, kikaanguka magotini.

Alikiokota akajaribu tena. Kikateleza tena. Kilikuwa na ladha hafifu ya mshumaa baridi, na nyuma ya mshumaa, bila shaka yoyote, ya pipa namba kumi na saba. Aliitambua ladha hiyo kama mtu anavyotambua mlango wa kwao. Ili asidanganywe na hamu yake mwenyewe, aliendelea hadi cha themanini na tatu. Vyote viliganda.

Saa kumi kasoro dakika sita aliingia ofisini kwa Profesa Pungufu, akiacha alama za miguu, akaweka kifupa juu ya daftari. Mhadhiri alikitazama pasipo kukigusa.

“Kwa nini hiki?”

“Hakikuganda. Vingine themanini na viwili vimeganda.”

“Umeonja vyote?”

“Vyote.”

Alimtazama kwanza mdomoni, kisha kwenye koti, ambalo halikuwa tena na rangi yoyote ya kutajwa katika kijitabu. Hakukionja. Alikichukua kwa kitambaa, akakiweka mahali pake katika boksi, akaandika hamsini na moja, alama ya chini kabisa inayomwezesha mtu kusonga mbele, na mbele yake majina mawili, kwa kuwa alama zilikuwa za jozi. Kisha alifungua dirisha, akamwambia anaweza kwenda. Mjomba ingempasa atafute mtu mwingine wa kugonga mihuri.

Mchungaji alikuwa akimngoja koridoni. Alikwisha kuchungulia mlangoni akaona boksi limepokelewa, na uso wake ulikuwa umejaa undugu. Alimwambia kwamba yeye tangu mwanzo alijua watafaulu, kwamba timu ni timu, na kwamba muhula ujao kuna kazi ya matumbo, wiki kumi, nayo pia ni ya wawili wawili. Alinyoosha mkono wake, safi, kucha zimekatwa. Aliponyoosha, upepo wa koridoni ukageuka, naye bila kukusudia akauinua mkono wa pili kufunika pua.

Msichana aliutazama mkono ulionyooshwa muda mrefu, kwa kinyaa kile kile alichoutazamia utando wa kijivu siku ya kwanza.

“Hapana, kaka,” alisema. “Mimi natafuta mtu anayenuka.”

Akampita, akashuka ngazi, na watu waliokuwa wakipanda wakamwachia njia yote.